Mtihani Uliofanyika Jikoni

Januari 1974, tulipoingia kidato cha tano katika shule yetu ya Kilosa, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ili kila mwanafunzi aandike jina lake chini ya masomo aliyoyataka. Chini ya Historia majina yalijaa mpaka pembeni. Chini ya somo jipya, Sanaa za Maonyesho, lilikaa jina moja siku mbili nzima: Raheli Stefano. Siku ya tatu niliongeza langu, Beda, kwa sababu Hisabati ilikuwa imenishinda na nilidhani kuigiza kutakuwa rahisi. Baadaye akaja Lupakisyo, kijana mrefu wa Tukuyu mwenye sauti nzito, ambaye alisema wazi kwamba yeye anamfuata Raheli. Basi tukawa watatu.

Raheli alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Alizoea kumtazama usoni mtu anayezungumza naye bila kupepesa macho, na walimu wengi hawakulipenda jambo hilo kwa msichana. Wengine walisema ana kiburi. Mimi nadhani alikuwa anasikiliza tu.

Wiki ile ile mkuu wa shule, Mwalimu Lukwaro, alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nasi tuliokuwa tunafagia varanda tulisikia yote.

"Raheli, Biolojia umepata alama za juu kuliko wavulana. Baba yako ni dresa wa hospitali. Nchi hii ina wauguzi wangapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hawatoshi! Na waigizaji inawahitaji wa nini?"

"Hilo nalo sijui, Mwalimu. Lakini somo limeletwa na Wizara. Sikulileta mimi."

Mwalimu Lukwaro hakuwa mtu mbaya. Alianza kufundisha chini ya mkoloni, akahesabu miaka mpaka Uhuru, na Azimio la Arusha alilijua kwa moyo, aya kwa aya. Kwake yeye shule ilikuwa shamba, karakana na darasa, kwa mpangilio huo. Akitaka maonyesho, alitaka ngonjera ya Saba Saba yenye mistari inayolingana. Alimwandikia barua baba yake Raheli.

Mzee Stefano alikuja Jumamosi. Alitoka Berega alfajiri, akabadilisha gari Dumila, akafika kwetu saa saba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilitumwa nimpelekee kiti. Alikaa varandani, kofia juu ya goti.

"Shikamoo, baba," Raheli alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Nimesikia unasomea kucheza."

"Kuigiza, baba."

"Tofauti yake nini?"

Raheli alifikiri kwanza. "Mgonjwa akikwambia anaumwa tumbo, unajuaje kama ni kweli?"

"Namtazama. Anavyokaa, anavyopumua."

"Basi na mimi nafundishwa kutazama hivyo hivyo."

"Usinijibu kama wakili!" Mzee aliinuka. Akavaa kofia. "Nimekusomesha uwe mtu. Likizo usikanyage Berega mpaka jina lako liwe limetoka kwenye ile karatasi."

"Sawa, baba. Nitakwenda kwa bibi."

Alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea mfuko wake, akamwamkia tena wakati wa kuagana. Jina hakulitoa.

Bibi mwenyewe, Mwanakheri, mama mzaa mama yake, alikuwa anaishi kilimani juu ya kijiji kiitwacho Ulaya, kwenye barabara ya kwenda Mikumi. Raheli aliposema likizo yake ataimalizia Ulaya, Lupakisyo aliyekuwa mgeni wa wilaya yetu alikaa wiki nzima akiamini kwamba msichana huyu ana ndugu Wazungu. Tulimwacha aamini.

Likizo ya Juni Raheli aliishi huko. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, yenye migomba nyuma na mahindi mpaka kwenye miamba. Bibi alimfundisha kusonga ugali kwa mikono miwili na akamgombeza kila siku kwa kuamka amechelewa. Raheli alirudi shuleni amenenepa.

Septemba ikaja operesheni ya serikali ya vijiji. Watu wote wa kilimani walitakiwa washuke wakakae pamoja kando ya barabara katika kijiji kipya. Wengi walishuka wenyewe. Bibi Mwanakheri alisema mahindi yake hayawezi kushuka naye. Barua iliyomfikia Raheli iliandikwa na mama yake mdogo: mgambo walikuja, wakaezua nyumba, bibi akalia sana, akachukuliwa kijijini. Raheli aliisoma mbele yetu, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la somo letu.

Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa Hildegarda, binti aliyetoka Chuo Kikuu mwaka uliotangulia, mwenye miwani minene na kicheko cha ghafla. Hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alitupeleka sokoni Magomeni, hapo hapo Kilosa. Tulikaa saa nzima tukimwangalia mwanamke mmoja anapanga nyanya, kisha tukarudi darasani tukapanga nyanya zisizokuwapo mpaka mikono ikajua uzito wake. Wenzetu walichungulia madirishani wakicheka. Raheli hakugeuka hata mara moja.

Kidato cha sita, Mwalimu Hildegarda alitueleza mtihani wa vitendo. Kila mmoja wetu angetunga mchezo wa dakika ishirini kuhusu maisha ya watu wa eneo hili, wengine wawili wangemsaidia kuigiza, na msahihishaji angekuja kutoka Dar es Salaam mwezi wa Oktoba. Mimi nilichagua kazi za reli. Lupakisyo alichagua harusi. Raheli akamwandika bibi yake.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na moja. Bibi analia, anaomba, anashika nguzo ya nyumba, anatoa hotuba ndefu juu ya makaburi ya wazee wake. Mimi na Lupakisyo tulikuwa mgambo. Mkuu wa shule alitaka kuuona kwanza, na akaurudisha umejaa wino mwekundu. Safari hii alituita sote watatu.

"Serikali haivunji nyumba za watu," alisema. "Inawaweka pamoja wapate shule, zahanati na maji."

"Maji wamepata, Mwalimu," Raheli alijibu. "Na nyumba iliezuliwa. Vyote viwili ni kweli."

"Mwisho ubadilike. Bibi afike kijijini, afungue bomba, acheke. Wanakijiji waimbe."

"Bibi yangu hakucheka."

"Ulikuwapo?"

Raheli aliangalia kurasa zake.

"Nakuuliza, ulikuwapo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi."

Tulipotoka, Lupakisyo alimwambia akubali wimbo huo mmoja, tupate alama zetu tuondoke. Raheli alimjibu kwamba wimbo hatauweka. Lakini nilimwona amekereka, na si kwa sababu ya wino mwekundu. Lile swali ndilo lililomwingia. Jioni alinifuata bwaloni.

"Beda, Jumamosi twende Ulaya."

Mwalimu Hildegarda alitupa ruhusa ya maandishi, sababu: utafiti wa somo. Tulipanda lori la pamba, tukakaa juu ya magunia matupu, tukashushwa kwenye kijiji kipya. Nyumba zilisimama kwa mistari miwili iliyonyooka. Bomba lilikuwapo kweli, na lilikuwa linatoa maji. Bibi Mwanakheri alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba yake anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Alikuwa mfupi kama Raheli, na alitutazama vile vile, bila kupepesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na huyu nani? Mchumba?"

"Hapana, bibi. Huyu ni mgambo."

Bibi aliacha mbaazi. Raheli alimweleza haraka haraka kwa Kisagara, na yule mzee akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akarudia kazi yake. Hakunikaribisha kukaa.

Raheli alimwambia kwamba ana mtihani, na mtihani wenyewe ni yeye bibi. Tukamwonyesha pale pale uani. Raheli alishika nguzo ya ua akalia. Alilia vizuri, machozi yakatoka, na kuku walikimbia. Bibi alipukuchua mbaazi mpaka mwisho.

"Nani huyo anayelia?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi?"

"Mama mdogo aliandika kwamba ulilia sana."

"Alilia yeye! Alilia kutoka kule juu mpaka hapa, mpaka nikamwambia anyamaze. Mimi nililia lini?" Alikuwa amekasirika kweli. "Unakwenda kuwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba nililia?"

Ndipo akatusimulia, Kisagara kikichanganyika na Kiswahili, na mikono yake ikisema zaidi. Siku ile alikuwa ameinjika maji ya ugali. Walikuja watatu, mmoja wao kijana wa jirani aliyemjua tangu anatambaa. Walimwambia atoke nje. Aliwaambia wasubiri. Wakapanda juu, wakaanza kung'oa nyasi. Nyasi ziliangukia ndani ya maji, akazitoa kwa vidole, akatia unga. Wakamwita mara ya pili. Akawaambia: "Subirini. Ugali haujaiva." Jua liliingia mpaka kwenye mafiga. Alisonga, akapakua, akakaa katikati ya nyumba isiyo na paa, akala na mlenda wa jana mpaka akashiba. Kisha alijitwisha chungu, akatelemka kilima kwa miguu. Lori lilikuwa linamsubiri chini, alilipita.

"Na njiani hukulia?" Raheli aliuliza.

"Nina chungu cha moto kichwani, nalia vipi?"

"Ulisikiaje moyoni, bibi?"

"Hasira." Alichukua ungo akaupepeta. "Ninayo mpaka leo. Maji ya bomba nayanywa na hasira ninayo."

Hakutuacha tuondoke. Alitusimamisha tena, akatusahihisha. Alisema mimi nasimama kama mtu anayeomba kazi. Wale walisimama kama wenye nyumba. "Mpaka nilipoanza kula," alisema. "Nilipoanza kula walikaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, hawajui waangalie wapi." Mwishoni alinipa bakuli la mbaazi, nikajua nimesamehewa, au angalau nimelishwa.

Kwenye lori la kurudi Raheli alichana zile kurasa kumi na moja, moja moja, akaziachia upepo. Mchezo mpya ulienea nusu ukurasa. Bibi anapika, nyumba inaezuliwa, bibi anakula, bibi anaondoka. Mkuu wa shule aliushika akauzungusha, kalamu nyekundu mkononi, asione pa kuiweka.

"Wimbo wa kijiji uko wapi?"

"Haukuimbwa, Mwalimu. Sasa nimeuliza."

Alimrudishia karatasi yake. Lakini asubuhi ya mtihani, baada ya harusi ya Lupakisyo na reli yangu kumalizika, alifunga ukumbi akatia ufunguo mfukoni. Alimwambia Mwalimu Hildegarda mbele yetu kwamba mchezo wa tatu hauna wimbo, na bila wimbo ukumbi wake haufunguki. Mwalimu Hildegarda alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mtihani hauna sharti la ukumbi, Mwalimu."

Msahihishaji alikuwa Mama Perpetua, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kikapu badala ya mkoba. Alitazama saa yake. "Nina muda mpaka saa tano. Mtahiniwa anataka kufanyia wapi?"

"Jikoni, Mama," Raheli alisema. "Pana moto."

Nyuma ya jiko la shule palikuwa na kibanda cha zamani chenye kuta fupi na paa la nyasi, kilichovuja kila masika. Mpishi aliposikia tunataka kung'oa paa lake alifurahi, akasema tusibakize hata unyasi. Raheli alijifunga kanga ya bibi yake, akapanga mafiga, akahamisha moto, akainjika chungu. Mama Perpetua aliletewa kigoda. Mimi na Lupakisyo tukapanda juu.

Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, na wanafunzi walianza kujaa. Walikuja kucheka, kama walivyozoea. Nilivuta fungu la kwanza la nyasi likaanguka ndani ya maji. Raheli aliinama akazitoa kwa vidole, bila haraka, unyasi mmoja mmoja, maji yakiwa ya moto kweli. Kicheko kilikatika.

Lupakisyo aliita, "Bibi, toka nje!" Raheli alitia unga. Tuliendelea kuezua. Jua liliingia, likamwangukia mgongoni, kisha mikononi. Alikuwa anasonga kwa mikono miwili, miguu yake imebana chungu. Kutoka juu nilimwona mkuu wa shule anakuja anapita katikati ya wanafunzi. Alinitazama mimi kwanza. Nasema kweli, niliacha nyasi. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye ngazi, nifike chini, niombe radhi, niokoe cheti changu.

"Inatosha!" alisema. "Raheli! Simama hapo!"

Raheli hakuinua kichwa. Mwiko ulizunguka mara moja, mara mbili.

"Subiri," alisema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mzee wa mbaazi. "Ugali haujaiva."

Mwalimu Lukwaro alibaki pale pale, mkono umeinuliwa. Mama Perpetua, bila kugeuka, alisema polepole, "Mtihani unaendelea, Ndugu Mkuu." Nilirudisha mguu wangu juu, nikashika nyasi nyingine, nikavuta kwa nguvu kuliko mwanzo.

Alipakua. Akakaa chini katikati ya kibanda kilichobaki miti mitupu juu, akala. Alikula tonge kwa tonge, ugali wote, na hakumtazama mtu. Mimi nilijikuta nimekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, na sikuwa naigiza. Alipomaliza alinawa, akaviringisha kitambaa, akajitwisha chungu. Wanafunzi walimpisha. Mkuu wa shule naye alirudi hatua moja nyuma, akampisha. Raheli alitoka getini akashika barabara ya Magomeni, hakurudi mpaka saa sita, na aliporudi mpishi alimgombeza kwa sababu ya chungu.

Mama Perpetua aliandika muda mrefu, akafunga kikapu, akaaga. Jioni Raheli alipewa adhabu ya kukata nyasi wiki mbili na kukiezeka kibanda upya. Tulipojitolea kumsaidia, mimi na Lupakisyo, tulikatazwa. Tukamsaidia. Nasi tukapewa wiki moja moja.

Matokeo yalipotoka, alama yake katika Sanaa za Maonyesho ilikuwa ya juu kuliko zetu zote. Lakini kwenye ripoti ya tabia, palipotakiwa maneno mengi, Mwalimu Lukwaro aliandika neno moja: mkaidi. Raheli alinionyesha, akasema angalau amesomeka. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, mimi nilifanya kazi reli, na kwa utaratibu wa siku hizo, wa mwajiri kukupendekeza, nikaombewa Chuo Kikuu baadaye. Yeye hakuombewa na mtu. Alikwenda chuo cha ualimu, na mwaka 1977, nchi ilipohitaji walimu kwa maelfu kwa ajili ya watoto wote waanze shule, alipangiwa Mikumi. Aliumia, aliniandikia hivyo bila kuficha. Barua iliyofuata haikutaja tena Chuo Kikuu.

Mikumi alikuta darasa la watoto sabini, shamba la shule linaloliwa na tembo, na watoto wa wakulima na wa wafugaji wasioketi dawati moja. Jumatano mchana, baada ya vipindi, aliwatoa uwanjani akawafundisha kuangalia. Mtoto wa mkulima alitakiwa aigize kuchunga ng'ombe mbele ya watoto wa wafugaji, na wale wakamzomea mpaka akajua. Kisha wao wakapalilia, wakazomewa nao.

Kipindupindu kilipoingia mkoani, watoto hao walitunga mchezo juu ya ugonjwa ule na wakauonyesha karibu na stesheni. Mzee Stefano alikuwa ameshastaafu. Alikuja, hakuna aliyemwita, akakaa mbele. Katikati ya mchezo alisimama.

"Huyu dresa wenu anashika sindano kama jembe!"

"Kaa, baba," Raheli alisema.

"Sikai. Lete hapa mkono wako, kijana." Akamwonyesha mtoto, mbele ya watu wote, jinsi ya kushika. Ndipo akakaa. Mwaka uliofuata alikuja tena, na mfuko wa mahindi mabichi. Juu ya ile karatasi ya mwaka 1974 hakusema neno, na binti yake hakumdai.

Mwaka 1981 mkaguzi wa elimu alifika shuleni, akapekua ratiba. Siku ya Jumatano, saa nane, palikuwa na maneno yaliyoongezwa kwa mkono: Sanaa za Maonyesho.

"Somo hili halimo kwenye mtaala wa shule ya msingi," alisema. "Nani aliliandika?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba."

Mkaguzi alitoa kalamu akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi pembeni. Raheli alimshukuru kwa kutembelea, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Jumatano iliyofuata, saa nane kamili, aliwatoa watoto uwanjani.